Sharifa wa Foni na Mwendo Mara Kumi

Ukifika Kindu, mtaa wa Kasuku, ukaulizia nyumba ya Sharifa binti Zuberi, watu watakuuliza kwanza, "Sharifa gani?" Ukisema "yule wa foni", hata vijana waliozaliwa baada ya vita watakuonyesha njia kwa kidole. Jina hilo limemganda tangu siku za taabu, na yeye mwenyewe ameshazoea kuitika.

Kabla ya vita alikuwa msichana wa kazi kwa tajiri mmoja aliyenunua mchele mjini Kailo na dhahabu mjini Kama. Tajiri yule alikuwa na foni, yaani mtambo wa redio wa kusemeshana na watu wa mbali, na Sharifa ndiye aliyekaa mbele yake tangu asubuhi akiita, "Punia, Punia, hapa Kindu, munanisikia?" Vita ilipoingia mwaka tisini na nane, tajiri alikimbia na dhahabu, akaacha mtambo na Sharifa. Waasi wakachukua vyote viwili. Kwa hiyo, miaka ile treni ilipokuwa haiji na chumvi ikauzwa kwa kijiko cha chai, Sharifa alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mbao, akipitisha maneno ya mji mzima. Nani amezaa, nani amekufa, nani yuko hai Goma: yote yalipita kinywani mwake.

Siku moja komanda wa mji alileta mtambo mpya. Ulikuwa mkubwa kama jeneza la mtoto, na askari wanne waliubeba kwa mwendo wa gwaride. Komanda aliamuru wa zamani ung'olewe, mpya ufungwe, na wananchi wapige makofi. Makofi yalipigwa. Kisha Sharifa akaita Goma, na Goma haikujibu. Akaita Kisangani, akasikia kitu kama mahindi yanayokaangwa.

"Mtambo huu ni wa kisasa," komanda alisema. "Kama hausikii, basi ni mwanamke huyu anaufanyia hujuma."

Sharifa alitazama juu akaona kosa lilipo. Askari walikuwa wameulaza waya wa antena juu ya bati la kibanda kama kamba ya kuanikia nguo, maana komanda hakupenda nguzo ndefu inayompita kimo. Lakini kumwambia mtu mwenye bunduki kwamba amekosea ni kazi inayotaka ustadi kuliko redio.

"Afande," alisema kwa upole, "mtambo wako una nguvu sana. Hayo mawimbi njo yamekosea. Hayajazoea mukubwa. Tuyainulie waya kidogo ili yakuone."

Komanda alifikiri, akakubali kwamba mawimbi yana utovu wa nidhamu. Waya ukainuliwa juu ya nguzo mbili, Goma ikaitika, na komanda akajisifu wiki nzima jinsi alivyoyafundisha mawimbi adabu. Hivyo ndivyo Sharifa alivyoimaliza vita akiwa mzima: alijua kutengeneza mtambo na papo hapo kutengeneza heshima ya mwenye mtambo.

Vita ikaisha. Simu za mkononi zikaja, foni ikawa kiota cha kuku. Sharifa aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaozesha. Binti yake Sofia aliolewa Lubumbashi. Miaka miwili iliyopita ndipo Sofia alipomwekea mama yake internet ya nyumbani, ya kampuni inayoitwa Lualaba-Net: kisahani juu ya paa, modemu sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Kila Ijumaa baada ya sala, Sharifa aliwaona wajukuu wake usoni, wakimsomea sura walizohifadhi. Wala hapakuwa na malalamiko.

Malalamiko yaliletwa na maendeleo. Mwezi wa tatu Lualaba-Net ilitangaza kwamba inaboresha mtandao. Mahema yalisimamishwa, fulana zikagawiwa, tarumbeta zikalia. Direkta Kasanda, mtu mwenye tai pana na sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji, alikata utepe. Mpiga picha hakuwa tayari, kwa hiyo utepe ukafungwa tena na direkta akaukata mara ya pili kwa furaha ileile. Saa sita mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya kila mteja: "Mteja mpendwa, kuanzia leo unakwenda mara kumi."

Ijumaa iliyofuata Sofia alipiga. Sura yake ilitokea kwenye simu, jicho moja limefumba, ikaganda hivyo hivyo. Sauti ilifika vipande vipande.

"Mama... mama mukwe... hospitali... wiki yote... leo asubuhi... amepumzika."

Sharifa alikuwa amemwombea yule mama mkwe wa Sofia kwa muda mrefu, kwani figo zilimsumbua. Akashukuru kwa sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kuita Punia.

"Alhamdulillahi! Hizo njo habari! Apumzike vizuri, ale, anywe supu. Mwambie nimefurahi sana!"

Kwenye simu jicho la Sofia liliendelea kufumba. Ilichukua robo saa na ujumbe wa maandishi kuelewa kwamba mama mkwe alikuwa amefariki dunia, na kwamba mkwilima wake, yaani mume wa Sofia, aliyekuwa amekaa kando akilia, alikuwa amesikia kila neno. Tangu siku hiyo mkwilima hakumsalimia tena Sharifa.

Hilo lilimuuma kuliko njaa ya vita. Katika miaka yote ya foni, mabomu yakilia, hakuwahi kufikisha msiba kama sherehe. Kesho yake akapiga simu kwa kampuni.

"Lualaba-Net, Josiane anakusikiliza," ilijibu sauti laini kutoka Kinshasa. "Mama, modemu inawaka?"

"Inawaka."

"Uizime, uhesabu mpaka makumi tatu, uiwashe."

"Nimefanya vile mara kumi na moja, mwanangu."

Josiane alifunua ukurasa, karatasi ikasikika. "Basi fanya mara ya kumi na mbili, mama. Na asante kwa kuenda na sisi mara kumi."

Baada ya siku tisa fundi alikuja. Aliitwa Jeannot, kijana mwenye heshima, viatu safi na simu mbili. Aliitazama modemu, akatazama dari, akatoa hukumu.

"Mama, shida njo manjanja, hii bati ya nyumba yako. Bati inarudisha mawimbi."

"Manjanja hii iko hapa tangu mbele ya vita," Sharifa alijibu. "Internet ilipita juu yake miaka mbili, haikulalamika. Imeanza kuchukia bati lini?"

Jeannot akakohoa. Akasema basi ni mvua. Jua lilikuwa linawaka. Akasema basi ni majirani wanaotumia sana. Alipoona mwenye nyumba anamtazama tu, alipunguza sauti. "Kusema kweli, mama, mwendo iko. Njo macho yenu hayajauzoea." Akaandika kwenye fomu "tatizo limetatuliwa", akaomba sahihi. Sharifa alimpa chai, sahihi akamnyima.

Fundi alipoondoka, Sharifa alitoa daftari. Tajiri wake wa zamani alimfundisha kitu kimoja cha maana kabla ya kukimbia na dhahabu: mtambo ukigoma, usiguse vitu viwili kwa mara moja. Gusa kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine.

Jumatatu alizima simu zote nyumbani, akaacha moja. Polepole vilevile. Jumanne aliazima kompyuta ya mwalimu jirani, akaiunga na modemu kwa waya, ili asiutegemee mtandao wa hewani unaozunguka sebuleni. Polepole vilevile, basi kosa halikuwa sebuleni. Jumatano alidhani umeme wa betri ya jua haumtoshi mgonjwa wake, akaazima betri mpya. Taa ziling'aa zaidi, mwendo ukabaki wa kobe. Alhamisi alipima alfajiri watu wangali wamelala, akapima tena saa nane mchana. Hakuna tofauti, basi majirani hawakuwa na hatia. Kila jioni alifuta jina moja kwenye orodha ya watuhumiwa, na orodha ikabaki na jina moja tu: kile kisahani juu ya paa.

Ndipo alipopekua kurasa za nyuma za daftari. Siku internet ilipofungwa, miaka miwili nyuma, fundi wa wakati ule alimwonyesha kwenye simu namba ya nguvu ya mawimbi, na Sharifa kwa mazoea ya kazi aliinakili: hasi hamsini na nane. Alikumbuka pia maelezo yake: namba hiyo ikiwa karibu na sifuri, unasikia vizuri, ikizidi kwenda mbali, unasikia kama mtu aliye chini ya maji. Akampigia Jeannot, akamsihi arudi, si kwa fomu, kwa chai tu.

"Nionyeshe namba ya mawimbi," alimwambia.

Jeannot alifungua simu yake, akaiunga na mtambo wa paani. Hasi themanini na nne.

"Hiyo mashine mpya yenu," Sharifa aliuliza, "muliiweka wapi? Palepale karibu na stesheni ya gari ya moshi?"

"Hapana, mama. Ule mnara wa stesheni ulizeeka. Mpya tuliusimamisha ng'ambo, Alunguli."

"Ng'ambo ya mto."

"Ng'ambo ya mto, ndiyo."

"Na visahani vyetu vinaangalia wapi?"

Jeannot alitoka uani, akainua macho. Kisahani cha Sharifa kilikuwa kimeelekea stesheni ya gari ya moshi kwa uaminifu, kikimsubiri mtu aliyehama. Kisahani cha jirani vilevile. Kasuku nzima ilikuwa imeupa mnara mpya mgongo, ikidokoa mabaki ya mawimbi kwa kisogo.

"Yesu wangu," alisema Jeannot.

Alipanda paani. Sharifa alibaki chini na simu ya fundi mkononi, akiongoza kwa sauti ileile ya Punia. "Kushoto! Kidogo! Themanini... sabini na tano... usikimbie, ngoja! Sitini na sita... umepita, rudi kidogo... Simama hapo! Usipumue!" Ilikuwa hasi hamsini na sita. Sharifa alimpigia Sofia palepale. Sura ilitokea, macho mawili wazi, na midomo ikaenda pamoja na maneno. Sharifa aliomba apewe mkwilima. Alimwomba msamaha uso kwa uso, akamwombea marehemu, na yule bwana, aliyekuwa amekaza shingo, alianza kulia, kisha akacheka alipokumbuka ile supu.

Sharifa angeweza kuishia hapo. Lakini nyumba zilikuwa mia tatu na zaidi, na Jeannot, aliyekuwa na mke mja mzito, hakuthubutu kumwambia direkta. Basi Sharifa alivaa kitenge cha kutembelea wakubwa, akaenda mwenyewe.

Direkta Kasanda alimpokea vizuri, akamsikiliza vibaya. "Haiwezekani, mama. Ripoti iko hapa. Uhamisho ulifanikiwa asilimia mia moja, na wateja wameridhika asilimia tisini na nane."

"Nani aliwauliza?"

"Tuliwatumia maswali kwa internet."

"Na waliokosa kujibu?"

"Tulihesabu wameridhika. Muntu mwenye shida angejibu."

Sharifa aliitazama ile tai. Ulimini palikuwa tayari pamejipanga maneno ya zamani: mawimbi yamekosea, direkta, hayajazoea mukubwa. Yangemtoka bila jasho, na kila mtu angefurahi. Kisha akaona kwamba mtu huyu hana bunduki, ana kalamu tu, na kalamu yenyewe haina kifuniko.

"Direkta, njo ninyi mulikosea," alisema. "Muligeuza mnara, mukasahau kugeuza masikio ya watu. Hebu nikuulize. Hapa kwako internet iko namna gani?"

Karani wa direkta, mama mtu mzima aliyekuwa akipanga mafaili, alijibu bila kuulizwa. "Haiko. Direkta alidhani ni sisi tunaimaliza kwa kuangalia mpira, akatufungia mpira. Ripoti za Kinshasa anaenda kuzitumia pale nje kando ya ukuta, na simu ya kampuni ingine."

Walitoka uani wote watatu. Juu ya paa la ofisi kuu ya Lualaba-Net, kisahani kikubwa kuliko vyote mjini kilikuwa kimeangalia stesheni ya gari ya moshi.

Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia: "Mteja mpendwa, tumekuletea awamu ya pili ya maboresho." Mafundi sita walipita nyumba kwa nyumba wakigeuza visahani, Jeannot mbele yao akipiga kelele kuhusu namba hasi kama aliyezaliwa nazo. Hema lilisimamishwa tena, lakini safari hii utepe ulikatwa mara moja. Direkta alipewa cheti na kuhamishiwa mji mkubwa zaidi, ambako inasemekana anapanga maboresho. Sharifa alipewa fulana ya kampuni. Haikumwenea, akamvika mbuzi aliyekuwa na homa.

Nyumba moja tu Kasuku iligoma, ya Abdoul mshonaji. Mafundi walipofika na ngazi, aliwazuia mlangoni, akawaomba kwa sauti ya chini wakiache kisahani chake kilivyo. Wake zake wana kaka wanne huko Kisangani, alieleza, na tangu maboresho yaje hakuna hata mmoja wao aliyefaulu kumwomba kitu akamaliza sentensi.