Simba wa Ghisulal

Katika mtaa wa wachonga mawe mjini Jaipur, Ghisulal alijulikana kwa mambo mawili: mkono mwepesi na mdomo mchafu. Kwa miaka arobaini alichonga walimu watakatifu wa Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, wale ishirini na wanne, wote wamekunja miguu, masikio marefu, nyuso zimefanana kama mayai ya kuku mmoja. Alisema bila ya mnyama anayechongwa chini ya kila mmoja, hata mama zao wasingewatambua. Na kwa kuwa sanamu isiyowekwa wakfu ni jiwe tu, aliegesha bilauri ya chai kwenye viganja vyao na kuendelea kutafuna tambuu.

Siku moja akaja Tarachand, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyeahidi kulipatia hekalu jipya sanamu ya Mahavira, wa mwisho wa walimu hao, mwenye alama ya simba. Ila alitaka uso wa marehemu baba yake. Akatoa picha: mzee mnene, kidevu juu ya kidevu, masharubu yamechanwa.

Ghisulal akaikodolea macho. “Na masharubu, bwana mkubwa?”

“Masharubu usiyachonge. Mimi namtaka baba.”

Fundi alijaribu kumweleza kwamba Mwalimu hafanani na baba wa mtu. Tarachand hakusikia la mtu. Basi Ghisulal akamchonga Mahavira kwa vipimo alivyorithi kwa babu zake, uso mtulivu usio wa mtu yeyote. Picha akaitumia kwa simba.

Siku ya kukabidhi, Tarachand alikuja na mama yake, Bi Sundarbai. Bibi alimtazama Mwalimu, akatikisa kichwa: huyu si mume wangu. Kisha akainama, akamwona simba mwenye videvu viwili na masharubu yaliyochanwa vizuri. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tarachand akageuka mwekundu, akaamuru simba achongwe upya.

“Asiguswe,” mama alisema. “Mwalimu aliacha ufalme. Baba yako hakuwahi kuacha hata sahani ya pili. Mahali pake ni hapo hapo chini, na miguuni pa Mwalimu hatapata kiburi.”

Kwa mama hakuna rufaa. Sanamu ikawekwa wakfu jinsi ilivyo. Tarachand hakumsalimia tena Ghisulal, walipokutana sokoni alijifanya anapima vitambaa. Lakini kila sikukuu ya Diwali, mpaka alipofariki, Bi Sundarbai alimpelekea fundi sinia la ladu, zile tufe tamu za unga na samli, na mke wa Ghisulal ndiye aliyezimaliza.