Picha Niliyoiteka Msibani kwa Mtani Wangu

Nitakayokwambia hayajatungwa. Yamenikuta mimi, mchana kweupe, hapa hapa Temeke, na mke wangu ni shahidi. Ukitaka kucheka, cheka, hata mimi hucheka, ila usiseme nimeota.

Mimi ni Mngoni. Jirani yangu Kalinga alikuwa Mhehe, yaani mtani wangu, na tangu tuhamie mtaa huu hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Mimi nilimwita mtumwa wangu, yeye akaniita mtumwa wake, na wake zetu walishachoka kutusikiliza. Alipofariki nililia kama mtoto. Kisha nikafanya kazi ya mtani msibani. Mila unaijua: watu wakizidiwa na huzuni, mtani ndiye wa kuwachekesha, na akiteka kitu cha wafiwa hakirudi mpaka kikombolewe.

Mimi nikateka picha. Ilikuwa ya kuchorwa kwa rangi, imewekewa kioo, inaonyesha vilima vya kwao Iringa na njia nyekundu inayopanda mpaka kileleni. Kalinga aliipenda kuliko televisheni. Nikaibeba kichwani mbele za watu, nikatangaza, "Mtumwa wangu kanirithisha nchi yake." Mjane wake, Mama Tulia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Utairudisha tu, shemeji," akasema.

Nyumbani nikaiegemeza ukutani, nikasogea kuitazama. Nikajiona kwenye kioo chake, jambo la kawaida, si ndiyo? Nikainua mkono nijikune kichwa. Yule wa kwenye kioo hakuinua wake. Alinigeuzia mgongo, kavaa shati langu hili hili, akashika ile njia nyekundu. Na mbele yake, niamini, alikuwa Kalinga, anapanda kilima taratibu, anageuka kumpungia mkono amfuate, anacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega, na midomo inasema neno nisilolisikia.

Nikakimbilia kioo cha kabati. Kitanda nakiona, pazia naliona, mimi simo.

Nikamwita mke wangu. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akakaa kitandani bila kupenda. "Baba Neema," akasema, "rudisha kitu cha watu." Niliporudi kwenye picha, yule mimi alishapanda sana, amekuwa mdogo kama punje ya mchele. Hebu niambie, wakifika kileleni wakashukia upande wa pili, mimi huku ningebaki nani? Niliogopa kwelikweli.

Nikaibeba picha mbio hadi msibani. Mama Tulia alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakushtuka. "Wewe umeteka picha, mwenzio kakuteka wewe," akasema. "Sasa jikomboe."

Wazee wa Kihehe wakakaa kikao papo hapo, huku wanafuta machozi ya kucheka. Wakaamua: nilete jogoo, na nimwite marehemu bwana wangu mbele ya watu wote. Jogoo hakunisumbua, nilimpata Buguruni. Lile neno ndilo lililonikwama kooni, maana miaka yote nilikuwa nimelikataa. Mwishowe nikapiga magoti mbele ya picha. "Bwana wangu Kalinga," nikasema, "niachie nirudi." Msiba mzima ukapiga vigelegele.

Nikautazama kioo. Uso wangu ulikuwepo, mkubwa, umelowa jasho. Kwenye njia alibaki Kalinga peke yake, karibu na kilele. Hakugeuka tena, na nilipopepesa macho hakuwepo.

Tangu hapo, kila Jumapili nikitoka kanisani napita kwa Mama Tulia, nasimama mbele ya ile picha, namtania mtani wangu kwa yote niliyokuwa nimebakiza. Kioo kinanirudishia sura yangu tu.

Kwa hiyo nakuonya. Msibani kwa mtani wako teka sufuria, teka viti, ukitaka teka hata viatu vya mchungaji. Kitu alichokipenda marehemu kiache mahali pake, maana atataka mwende wote. Na hofu siyo mbaya sana, hofu huisha. Kibaya ni kwamba siku nyingine nammisi Kalinga, najikuta natamani ningemfuata japo hatua mbili tatu, nisikie alikuwa ananiambia nini.