Msumari wa Torvald

Gunvor Hedlund alikuwa na ulimi mkali kuliko msumeno aliousimamia miaka thelathini kiwandani, na wenzake wanne walimvumilia kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliyeshika kalamu. Kila Jumamosi aliwajazia kuponi yao ya pamoja ya kubahatisha mbio za farasi. Mbio saba, washindi saba. Ukikosa mmoja, zawadi kubwa huioni. Katika kila mbio waliweka farasi kadhaa, isipokuwa mbio moja, ambamo waliweka farasi mmoja tu na kumtegemea huyo huyo. Wao humwita msumari. Ukichomoka, kuponi imekufa.

Wiki hii zamu ya kutaja msumari ilimwangukia Torvald, mdogo wa marehemu mumewe. Gunvor alimchukia tangu siku ya mazishi, alipokuja kuchukua bunduki ya kuwindia ya kaka yake hata wageni hawajaondoka.

"Frostkungen, mbio ya saba," alisema Torvald.

"Punda yule? Kichaa yule! Atapiga shoti tu." Na farasi wa mbio za vigari akiacha mwendo wa matiti akapiga shoti, hana chake, anatolewa.

"Basi tuwekeane, shemeji. Akishinda, kalamu unanipa mimi."

"Na akishindwa, unyamaze."

Wote walisikia. Gunvor akaandika kama alivyoagizwa. Alikuwa na mengi mabaya, lakini kuchakachua kuponi ya watu hakukuwamo.

Jumamosi wakakutana uwanjani. Ya kwanza wakapata. Ya pili, ya tatu, wakapata. Ilipofika ya sita, Sivert, mpole wao, ambaye paa la nyumba yake lilivuja tangu vuli, alikuwa akitetemeka mpaka haradali ya soseji ikamchuruzikia kwenye koti.

"Sita, Gunvor! Sita, mama! Bado moja tu!"

Farasi wa mbio ya saba wakatoka. Frostkungen akashika uongozi na hakuuachia. Kona ya mwisho aliwaacha wenzake mbali.

"Lete kalamu, bibi!" Torvald alifoka. "Na uifute kwanza, isije ikawa na sumu yako!"

Bila kalamu ile, nani angemwita Gunvor Jumamosi? Nani angemwekea kiti? Akaushika uzio wa uwanja kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa sauti yake yote:

"Piga shoti! Piga shoti, mshenzi wewe!"

Zikiwa zimebaki mita thelathini, Frostkungen akarusha miguu, akapiga shoti.

"Nilisema!" Gunvor aliruka juu kama msichana. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Akageuka kumcheka Torvald. Torvald alikuwa amenyamaza, kama walivyokubaliana. Lakini wote wanne walikuwa wakimtazama Gunvor, na kuponi yao ilikuwa mkononi mwake, imekunjamana kwa ile furaha yake. Soseji ya Sivert ilikuwa imeanguka kwenye theluji.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, angejua la kuwajibu.

Sivert akajifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kisha akanyoosha kiganja.

"Kalamu, Gunvor."

"Lakini nimeshinda mimi!"

"Ndiyo," alisema Sivert, kiganja bado wazi. "Umeshinda wewe peke yako."