Titus na Meli Isiyo na Ndege

Usimuulize mdogo wangu Titus anafanya kazi gani ukiwa sebuleni kwangu Walthamstow, Uingereza. Atasimama, atasogeza meza, atainua mikono yote miwili akuonyeshe, na taa yangu ya dari itaumia tena. "Dada Margaret," atasema huku vioo vikidondoka, "kwa deki hakuna mtu anasikia. Lazima uongee na mikono."

Titus ni baharia kwenye manowari ya kubebea ndege. Kazi yake ni kuvaa jezi ya manjano, kusimama mbele ya ndege ya kivita iliyotua, na kuielekeza kwa mikono mpaka isimame mahali pake. Meli yenyewe ni ndogo kwa meli za aina hiyo. Walioichora walijua deki, ule uwanja wa juu, haina urefu wa ndege kukimbia, kwa hiyo wakaiinua upande wa mbele kama kilima, ili ndege ikifika hapo irushwe juu. Wakati wa kurudi, ndege hizo zilishuka wima, taratibu, kwa mngurumo wa kutisha. Titus alikipenda kile kilima cha chuma kuliko wasichana wote niliomtafutia.

Basi serikali ikakaa huko ikaamua zile ndege zistaafu. Zote! Meli ikabaki, Titus akabaki, jezi ya manjano ikabaki. Helikopta zilikuwepo, lakini ukizitaja anasonya. "Helikopta inatua mahali imetaka, kama kuku," ananiambia. Si kweli, ila mtu mwenye uchungu huwezi kumrekebisha.

Uchungu wenyewe ulikuwa Mama. Titus alipoajiriwa tu, alimpigia simu huko nyumbani Wundanyi akamwahidi: utakuja Uingereza, utaniona nikisimamisha ndege kwa mikono miwili. Mama akaomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Alipokuja kuipata, ndege zilikuwa zimeshaondoka. Na Titus, badala ya kumwambia ukweli, akanyamaza, akanitaka na mimi ninyamaze. Nilikasirika sana. Mama alipofika, mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja, nikiulizwa kila asubuhi, "Margaret, hizo ndege zina kelele? Nibebe pamba ya masikio?"

Halafu meli ikapanda mto Thames, raia wakaruhusiwa kuitembelea. Titus akanipigia. "Nimeongea na mkubwa wangu. Watapandisha helikopta na lifti kutoka chini, mimi nitaielekeza. At least Mum aone kitu." Meli hizi huhifadhi ndege tumboni, na lifti ndiyo mlango wake.

Tulipanda kwenye deki manyunyu yakianguka, Mama amejifunga leso juu ya koti langu. Lifti ikaanza kupanda. Ikafika nusu, ikakwama. Mafundi wakaingia, wakatoka, wakatingisha vichwa, wakafunga kamba kuzunguka lile shimo. Titus alisimama kando yake na jezi yake safi, mikono ikining'inia. Nilitaka kulia, kisha nikataka kumpiga mtu.

Mama akaiangalia deki nzima. "Titus, kwani ndege ziko wapi?"

"Ziliondolewa, Mum. Serikali iliziondoa. Hazirudi."

Mama akainua mikono mbinguni katikati ya wageni wa watu. "Bwana asifiwe! Ametenda!" Akamgeukia Titus, machozi yakimtoka. "Si wewe uliniambia zinabeba mabomu, na ikitua vibaya inaungua na aliye mbele yake? Akina mama wa kanisa tumefunga kila Jumatano, tukimwomba Mungu akuondolee hizo ndege."

Titus alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Mum, hiyo ndiyo kazi yangu! Waambie waache. Nimebaki na helikopta tu!"

Mama akarekebisha leso. "Hizo tulianza Pasaka."

Watu hucheka nikiwasimulia hapa. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona uso wake. Aligeuka akaenda mbele, akasimama chini ya kile kilima cha chuma, mgongo kwetu. Nilimkasirikia Mama, na Mungu pia kidogo.

Mama akauachia mkono wangu, akamfuata. Alisimama mbali naye kiasi.

"Baba," akamwita Titus. "Nimetoka mbali. Si uliniahidi? Haya, nielekeze mimi."

Titus akageuka, akafuta uso kwa mkono wa jezi, akainua mikono. Akamwita mbele. Mama akaanza kutembea na magoti yake mabovu, mkoba kifuani. Titus akamwonyesha kushoto, Mama akapinda kushoto. Wageni wakampisha njia. Alipomkaribia, Titus akapandisha mikono juu ya kichwa na kuifumbata, ishara ya kusimama.

Na Mama, ambaye sijawahi kuona mtu akimsimamisha, akasimama. Titus alikawia sana kushusha mikono.