Kuku Mkubwa Kuliko Ng'ombe

Mume wangu anataka nitupe simu yangu ya zamani. Aliikuta akitafuta chaja, akasema droo si makaburi. Mimi nimekataa. Lakini kwa kuwa humu ndani tunaheshimiana, nimekubali tuipime kwa haki: ubaya wake upande huu, uzuri wake upande ule.

Tuanze na ubaya, maana huo hautafutwi. Ilikuwa ndogo kama kile kipande cha sabuni kinachobaki bafuni. Niliinunua Malaba, siku zile nikiuza chai na mandazi kwa madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa inapiga picha. Hakusema picha za nini. Kioo chake kilitosha sura moja, tena iwe ya mtu mwembamba. Ukipiga kivulini unapata giza, ukipiga juani unapata mwanga mtupu. Nafasi ikijaa, na ilijaa upesi, ni lazima umfute mtu ndipo umweke mwingine. Niliwahi kumfuta binamu yangu ili nipate pa kuweka keki, na mpaka leo tukikutana msibani ananikumbusha. Wala haikuweza kumtumia mtu picha. Ukitaka aione, unabeba simu yenyewe unampelekea. Na ukisogea kidogo kuelekea daraja la mpakani, ilikuwa inahamia mtandao wa Uganda bila kuniaga. Nampigia jirani wa kibanda cha pili, kredo inaisha kabla hajasema haloo.

Uzuri? Ilikaa na chaji kuliko simu zote za sasa. Na ilienea kwenye sidiria, jambo ambalo wanaume hawalielewi. Ingawa siku moja, padri akiwa katikati ya mahubiri, ilianza kutetemeka humo ndani, nikaruka na kusema "Amina" mahali pasipo na Amina, na kanisa lote likaniitikia. Sijui niliweke upande gani hilo.

Lakini kesi yenyewe ni ya ng'ombe.

Wakati huo nilitaka kuolewa na huyu huyu anayetaka nitupe simu. Yeye ni Mkhayo, kwao ni Bukhayo. Alikuwa akiziba pancha za malori pale Malaba, na kunywa chai kwangu kupita kiu yake. Mimi ni Mteso, kwetu ni karibu na Kocholia. Wazee wa pande zote walishaelewana. Kilichobaki ni baba yangu kwenda kuwaona ng'ombe wa mahari, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kupokea ng'ombe wa kusimuliwa. Padri naye hakutaka kupanga tarehe mpaka mambo ya nyumbani yaishe.

Baba hakutaka kwenda. Tangu tulipomrudisha mama kutoka hospitalini tukamzika, hakuwa akienda popote zaidi ya kwa ndugu yake, nyumba ya pili, kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi. Alisema ni mguu. Mguu wenyewe uliuma ukielekezwa barabarani tu. Na kumtuma huyo ndugu yake, baba mdogo, hakutaka pia. Baba mdogo alishawahi kutumwa kuona ng'ombe wa dada yangu mkubwa, akakaribishwa vizuri sana, akarudi akiwasifu wote, na walipoletwa mmoja alikuwa na jicho bovu. Baba alisema siku hiyo ng'ombe alikuwa anaona kuliko mgeni.

Niliingiwa na hofu ya kweli. Bibi harusi anayengoja mguu wa baba yake upone anaweza kuzeekea kwenye jiko la chai. Ndipo nikakumbuka kuwa nina simu ya picha. Nikampa mchumba wangu aende nayo kwao awapige ng'ombe picha, nami nimpelekee baba awaone akiwa kwenye kiti chake. Nilijiona nimesoma.

Mchumba alikuwa hajawahi kupiga picha maishani. Alirudi amefurahi. Picha ya kwanza ilikuwa kidole gumba. Ya pili ilikuwa mbingu. Katika ya tatu ng'ombe alishaondoka, mkia ndio uliobaki. Nzuri ilikuwa moja tu: ng'ombe mwekundu, mzima, miguu yote ikiwa chini. Ila wakati wa kubonyeza, kuku wa mama mkwe alikuja mbele ya simu kuangalia kuna nini. Kwa Wakhayo kuku hafukuzwi ovyo, yeye ni nusu ya mwenye boma. Basi akajaa kioo chote, kutoka kucha hadi kichwani, na katikati ya miguu yake, kwa mbali, alisimama ng'ombe.

"Iko sawa," mchumba akasema. "Ng'ombe inaonekana."

Nikampelekea baba. Alivaa miwani, baba mdogo akakaa upande mmoja, shangazi upande mwingine. Baba akaishika simu mbali, akaileta karibu, kisha akaigeuza nyuma, nadhani akitafuta upande wa pili wa ng'ombe.

"Hii ndio ng'ombe?"

"Hapana, baba. Hiyo ni kuku. Ng'ombe iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Hapo chini ya kuku."

Akatazama. "Hii kuku ni kubwa kuliko ng'ombe."

"Ni simu, baba. Kuku ilikuwa karibu."

"Mimi sijauliza ilikuwa wapi. Mimi naangalia kitu iko hapa."

Akampa baba mdogo, ambaye alitazama kwa bidii sana, kwani alikuwa na jina la kusafisha. "Kama kuku zao ziko hivi," akasema, "tuwaambie walete kuku."

Mara taa ya kioo ikazimika. "Imekufa," shangazi akasema kwa huzuni. Nikabonyeza, ng'ombe akafufuka. Akafa tena. Shangazi akaona anisaidie, akabonyeza mahali, simu ikamuuliza jambo kwa Kiingereza, naye kwa adabu akaikubalia. Picha ikafutika, kuku na ng'ombe pamoja.

"Imeenda," akasema.

"Imeenda wapi?" baba akauliza.

"Sijui. Mimi nimegusa tu."

Baba akavua miwani. "Ng'ombe ya kupotea ikiwa kwa mkono, hiyo nitachunga namna gani?"

Nikaangua kilio. Kilikuwa kilio cha hasira, cha kamasi, maana niliona ndoa yangu imefutwa na kidole cha shangazi. Baba akaniangalia kwa muda. Alikuwa hajaniona nikilia hivyo tangu siku ya mama.

"Lete koti," akasema.

"Koti gani, baba?"

"Koti ni moja. Naenda kuona hiyo kuku na macho yangu."

Desturi ilitaka mimi nibaki nyumbani, lakini nilimsindikiza kwa kisingizio cha mguu. Kule Bukhayo aliwafungua ng'ombe midomo akahesabu meno, akawavuta mikia, akamsukuma yule mwekundu ubavuni aone kama ataanguka. Hakuanguka. Kisha akaomba aletewe kuku. Akaletewa kuku wa kawaida kabisa, tena mwembamba. Baba alicheka mpaka akashikilia mti wa ua. Kicheko hicho nilidhani tulikizika pamoja na mama. Nilisimama kando na simu yangu mbovu kifuani, nikaipenda sana.

Kuku alipikwa, na baba akapewa firigisi, kama wanavyomheshimu mkwe. Aliitafuna polepole. "Hii sasa nimeona," akasema.

Baada ya pale alianza kwenda kanisani, kisha sokoni, kisha akawa anatutokea Busia, tulikohamia baada ya harusi, bila taarifa, amevaa koti, akiuliza chai iko wapi. Alipofariki, miaka kadhaa baadaye, alikuwa mtu wa safari. Mguu hatukuusikia tena.

Mume wangu amesikiliza yote hayo na anasema bado ni ubaya mtupu. Simu ingekuwa nzuri, mambo yangeisha siku ile ile, baba akiwa kwenye kiti chake. Nami namwambia ndiyo, ndivyo hasa.

Sasa binti yetu anaolewa Osieko, kule ziwani. Jana wakwe walituma video ya ng'ombe kwenye kundi la familia. Video safi. Inzi wanaonekana, kutafuna kunasikika. Mume wangu aliitazama akiwa amelala kwenye kochi, miguu juu.

"Nimeona," akasema. "Wako sawa. Waambie tumekubali."

"Huendi?"

"Osieko ni mbali, mama. Na huu mguu wangu siku hizi."

Nikaichukua simu yake, nikaitazama video yote mpaka mwisho. Hakukuwa na kuku hata mmoja. Nikamrudishia, nikairudisha yangu ya zamani kwenye droo, nikaenda nyuma ya mlango kumletea koti.