Shati Langu Ndani ya Bomba

Ijumaa iliyopita, kabla ya adhuhuri, tulimpoteza Mzee Kibena, fundi bomba aliyenifundisha kazi. Lakini kila nikimkumbuka, mwanangu, inanijia siku ile ya maji, nami nasisimka kama kijana.

Nilikuwa kibarua wake, nimeshuka kutoka kijijini Matombo, tukilaza mabomba ya kuleta maji ya mlimani hadi mtaa wa Mwembesongo. Alikuwa na sharti moja: mkienda kula, mdomo wa bomba uzibwe, vyura na udongo visiingie. Siku ya mwisho sikuona gunia karibu, nikavua shati nikauziba nalo. Tuliporudi nilikuwa na pupa ya kumaliza. Nikaunga bomba lililofuata, shati likiwa mlemle. Tukafukia.

Asubuhi ya ufunguzi mtaa mzima ulikuja kwenye kilula, bomba la kuchotea maji la mtaa. Ndoo zilipangwa hadi kwenye genge la Bi Tatu, muuza mboga, ngoma zinalia, wanawake wana vigelegele mdomoni! Koki ikafunguliwa. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Mmetuletea bomba la upepo!" Bi Tatu akapaza sauti. "Na mimi nimemaliza maji ya mtungi kwa kuwaamini nyie!"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kukasirika. Mzee Kibena akaona kasoro iko juu, kwenye chanzo. Akawapanga vibarua wapande mlima wakafukue. Hapo nikajipapasa kifua, nikakuta shati la kuazima. Nikakumbuka. Siku hizo kibarua aliyeharibu kazi alifukuzwa, na nyumbani nilishawatambia kwamba nimepata kazi mjini.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, ingawa tulishasalimiana. "Shati langu limo ndani ya bomba. Pale kwenye kona ya msikiti."

Akanitazama. "Marahaba. Na suruali, unayo?"

Kicheko chake! Akanipa jembe. Nilichimba kama mtu aliyeona dhahabu, hata Bi Tatu akashika sepeto. Tukalitoa shati, tukaunga upya, koki ikafunguliwa. Maji hayo! Kwanza mekundu, kisha safi, na baridi ya Uluguru yenyewe. Watu walimwagiana, ngoma zikalowa, vigelegele vikapasuka.

Jioni Mzee akaniambia, "Kusahau sikukasirikii. Ungenyamaza mpaka wenzako wafike juu, ningekufukuza."

Mwanangu, wewe unayezibua mitaro, unayezoa taka sokoni au kufunga taa za barabarani, watu wengi wanaishi kwa kazi ya mikono yako na hawakujui. Ukikosea, sema upesi, kabla wengine hawajaanza kuchimba pasipo na kosa. Aibu yangu ilikwisha siku ileile, kazi ile imenilisha mpaka uzeeni. Mungu akupe mikono isiyoharibu, na ikiharibu, akupe ulimi usiochelewa.

Ijumaa hiyo aliyofariki, yalitakiwa maji ya kuuoshea mwili wa Mzee Kibena. Nikaomba niyalete mimi. Nikaenda na ndoo mbili kwenye kilula kilekile, watu wa foleni wakanipisha. Nikafungua koki. Maji yakatoka.