Dwarf angel wa mke mwenzangu alivyosingiziwa kuua soft coral yangu

Wakuu, marahaba kwa wanaonistahi, na hamjambo mliobaki.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kibiti, sijaongeza chumvi. Maandishi mnisamehe, shule niliishia la tatu kwa Mwalimu Mtupa kule Ngorongo.

Mume wangu Mzee Omari alipoacha kazi ya kuzamia, mwanetu Hamisi alimletea reef tank, lile tangi la kioo la viumbe wa baharini, asikae bure. Likawekwa kwangu, mimi mke mkubwa. Mke mwenzangu Somoe nyumba yake iko mtaa wa pili.

Zamu tunagawana sawa. Ila tangu tangi lije, hata siku za Somoe mzee alikuwa kwangu toka alasiri mpaka isha, anatazama samaki.

Nilifurahi, sifichi.

Ndani mlikuwa na samaki wawili aina ya clownfish na soft coral yangu, tumbawe laini mfano wa uyoga. Kipande alitupa Mzee Chande wa Dar, kakikata kwenye tangi lake. Nimekikuza mpaka kimekuwa kama sahani. Asubuhi taa zikiwaka kinatoa vidole vyake, kinapepea.

Somoe akaona atafute pa kupenyea. Akaenda Dar, akarudi na samaki aina ya dwarf angel kwenye mfuko, zawadi kwa mzee. Kadogo, hakazidi kidole, mwili bluu iliyoiva, mgongo wote rangi ya chungwa.

Mzuri kweli. Hilo ndilo lililoniuma.

Na mzee akampa jina gani? Somoe! Wakuu, sebuleni kwangu mwenyewe nasikia "Somoe kala?" "Somoe mbona leo hatoki?"

Mnaofuga mnajua, dwarf angel ana tabia ya kudokoa. Nilimwona kwa macho yangu anadokoa shina la coral. Haikupita muda coral ikajikunja, vidole ndani, imesinyaa kama ngozi ya ngoma iliyolowa.

Nikamwambia mzee, "Huyo Somoe wako atolewe."

Akasema, "Sawa, Mama Hamisi. Nitaweka tangi jingine kwa mwenzio, nimhamishie huko."

Nikagutuka. Samaki akihamia kwa Somoe, mzee naye kahamia. Jioni zangu zimekwisha.

Nikageuza maneno palepale. "Ah, aachwe kwanza, kiumbe wa Mungu."

Basi nikawa mtetezi wa adui yangu. Kila siku namfungia mwani kwenye jiwe ashibe, asiguse coral. Akala mwani, kudokoa akaacha kabisa. Lakini coral haifunguki! Mzee kaanza kuulizia bei ya vioo vya tangi jingine.

Siku hiyo tuko wote watatu, maana Somoe kaja kujionea.

"Bi Mkubwa, nasikia uyoga wako umenuna. Umemrithi nani?"

"Umedokolewa na wajina wako," nikamjibu.

Akacheka sana. Kisha akachovya kidole tangini, akalamba. Somoe ni mzaliwa wa Nyamisati, kwenye delta, pale mto Rufiji unapoingia baharini. Kicheko kikakatika.

"Haya maji kachota nani?"

Hapa niwaeleze. Maji yetu huletwa na Nahodha Shamte, anajaza madumu huko nje kabisa, njia ya Mafia. Safari ya mwisho, kabla tu coral haijajikunja, Shamte alikuwa anaumwa, nikamtuma Juma wa bodaboda akachote palepale Nyamisati. Na kipimo cha chumvi kilishavunjika, hatukununua kingine.

"Mpigie," Somoe akasema. "Muulize alichota maji yanajaa au yanakupwa."

Juma akajibu kwa raha zake, "Yanakupwa, bibi. Yakijaa si ningelowa?"

Somoe akapiga kofi. "Bi Mkubwa, coral yako mmeinywesha Rufiji!"

Kwenye delta, maji yakikupwa mto ndio unashuka. Ulimi unaonja chumvi, lakini ni ya mchuzi, si ya bahari. Samaki walivumilia, coral ikashindwa.

Sasa fikirini. Angenyamaza tu, samaki angekuwa kwake na mzee kwake. Kasema mbele ya mzee. Na mzee akamtazama kwa jicho ambalo mimi sijatazamwa siku nyingi. Wivu ukanipanda upya, wa namna nyingine, maana hata la kumsema sina.

Shamte alipopona akaleta maji yenyewe. Tukabadilisha kidogo kidogo, si kwa mara moja. Coral ikafunguka yote.

Nilichojifunza: coral ikijikunja usikimbilie kumshika samaki uchawi, anza na maji, na kipimo ununue. Wa delta msichote yakikupwa. Dwarf angel awe mmoja, mawe yawe mengi ya kuzurura, mwani usikosekane. Hata hivyo siwapi dhamana, kila samaki na roho yake.

Tangi limebaki kwangu, mzee kabaki. Ila Somoe naye anakuja kila jioni, kiti chake karibu na kioo. Samaki akimwona anatoka mbio, anamfuata huku na huku. Mimi ninayemlisha nikisogea, anaingia nyuma ya jiwe.

Wenye uzoefu nisaidieni, samaki anafundishwaje kumjua anayemlisha? Na msiniambie nimbadilishe jina. Nimejaribu kumwita Malaika mwezi mzima, haitiki.